Pungufu ya Hapo

Ukurasa wa kumi na moja umechapwa wote
ila nafasi moja, upana wa kidole gumba,
kati ya neno "miaka" na neno "gerezani".
Niliuchapa mimi. Niliambiwa: hapo paache.

Sheria yasema, kifungo cha maisha, au pungufu ya hapo.
Pungufu ya hapo!
Mwaka mmoja unaingia humo, na arobaini inaingia,
na masale ya mpaka yaliyong'olewa usiku huko Mugusu,
na mpini wa jembe,
na ndugu wawili walionyonya ziwa moja.

Bigabwenkya yuko kizimbani, kaptura ya njano ya mahabusu.
Benchi la tatu, mama wa marehemu.
Ndiye huyohuyo mama wa mshtakiwa.
Wakili wa serikali alimuuliza, wewe wataka nini?
Wa utetezi naye akamuuliza, wataka nini?
Akajibu mara moja, akawajibu wote:
"Naomba maji."

Mwezi jana, chumba hikihiki cha Fort Portal,
jaji mwingine, mpini mwingine: ishirini na miwili.
Kabla yake, sita.
Wa rufaa hawakugusa hata mmoja.
Hiari, waliandika, ni ya aliyewaona watu kwa macho.

Watu husema jaji ana nguvu.
Mimi nilimpelekea Jaji Asekenye chai saa saba,
nikamkuta amevua viatu chini ya meza,
faili limefunguliwa, kalamu imefungwa.
Saa nane na nusu chai ilikuwa palepale,
imeota utando.

Tulirudi. Mvua ilikuwa imeshuka Rwenzori,
bati likapiga kelele, akangoja ipungue
(kwa hilo nilimshukuru).
Akatoa mitatu na miezi miwili ya mahabusu;
hesabu nimeiona ukingoni, kwa penseli, imefutwa mara mbili.
Kisha akasoma namba ya wino,
imebana kushoto, nafasi ikabaki.

Karani ndiye mkalimani. Nikageukia kizimba.
"Emyaka," nikasema,
neno ni lilelile, halikunihitaji.
Namba ndiyo iliyonihitaji.

Mama alihesabu kwa vidole.
Mkono wa kwanza ukaisha.
Akaanza wa pili, polepole,
akasimama kwenye kidole ambacho sikukitazama.
Nilikuwa natafuta muhuri.