Miliampea Mbili

Sifongo mbili, zimeloa maji ya chumvi:
moja juu ya nyusi ya kulia,
nyingine kushoto, pale nywele zinapoanzia.
Mkanda wa mpira. Waya mwekundu, waya mweusi.
Betri ndogo kama ya redio ya marehemu mume wangu.
"Mama Kisimba, utasikia muwasho tu," anasema Mwewa,
kijana wa chuo, kucha safi,
sauti ya kumvusha mtoto barabara.
Ni miliampea mbili, haziwashi hata taa.
Nacheka. Katuba ni usiku wa tano gizani,
nyama ya jirani imeozea kwenye friji,
na mimi hapa umeme wangu nimeubeba kichwani.

Maneno kumi na mawili. Sikiliza, rudisha.
Kinu. Barua. Mchwa. Daraja.
La tano nateleza.
Miaka thelathini na mmoja niliita majina darasani
bila kufungua daftari:
Kaumba, Ngosa, Kyembe mwenye kigugumizi.
Siku hizi nasimama dukani, mkono mfukoni,
sabuni au mafuta?
"Lete vyote," nasema, kama tajiri.

Dakika ishirini. Chumvi inateremka hadi mdomoni
na ladha yake ni shaba,
koti la baba akitoka kiwandani,
chini ya lile bomba refu la Lubumbashi.
Huenda kipande alichoyeyusha yeye
ndicho kinachonibishia hodi kwenye paji:
binti, umeweka wapi?

Wiki ya nne nilipata maneno kumi.
Nikasonga bukari nikiyahesabu kwa mwiko,
nikamwita kila mjukuu kwa jina lake
bila kwanza kupitia kwa mama zao wote.

Kisha bahasha ikafunguliwa.
Mwewa akatazama viatu vyake.
"Mama, ulikuwa kundi la mashine iliyozimwa.
Nusu dakika ya muwasho, halafu kimya."

Sikukasirika. Nikauliza swali la mwalimu:
na yale kumi, nani aliyaita?
Akashika kalamu.
Hakuandika.

Njiani, karibu na soko la Kenya,
mwanamke alikuwa amepanga fagio ukutani.
Nikasimama. Ufagio! La tano!
Nikalisema kwa sauti, watu wakageuka,
mvua ikaanza,
na mwavuli wangu uko kwenye kiti cha Mwewa.