Mita Kumi na Moja

Walitandaza mbao juu ya barafu ya uwanja wa magongo,
lakini baridi ya Kebeki haina adabu, ilipenya kwenye nyufa
ikatupanda miguuni kabla gitaa halijalia.
Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo iliyokuwa ya rangi.
Dola kumi, au chochote ulicho nacho.
Bibi Ozélie alimimina sarafu za kopo zima,
akasimama nizihesabu. Nikazihesabu.

Walikuwa wanne, wale wale wa gereji ya akina Thivierge
walioitiwa polisi mara mbili kwa kelele.
Sasa nywele zimepungua, basi lao lina vitanda.
Fabien akakamata kipaza sauti, akasema kwa lafudhi ya kwetu,
ile anayoificha redioni:
"Mto ule ulitulea. Tumekuja kumwogesha mama."
Watu wakapiga yowe. Mimi nilicheka kidogo,
maana nalijua gitaa lake la kwanza:
lilinunuliwa kwa mshahara wa kiwanda cha karatasi,
zamu ya usiku, baba yake na baba yangu,
na kiwanda ndicho kilichomnywesha mama zebaki.

Ukimlaani aliyekulisha
meno yako mwenyewe yanauma.
Tulikua na harufu ile ya mayai yaliyosahauliwa,
wakubwa wakituambia: hiyo ni harufu ya pesa, vuteni.
Povu lilipita chini ya daraja, rangi ya chai ya maziwa,
tukalirushia mawe.
Samaki alikuwa wa kutazama.

Wimbo wa tatu, besi ya Maryvonne ikabisha hodi mbavuni,
vioo vinavyozunguka uwanja vikalia vyote kwa pamoja,
na ubao wa magoli, ambao haukuwaka tangu Februari,
ukawaka wenyewe: wageni sifuri, wenyeji nane.

Kisha wakampandisha mhandisi, Desneiges,
msichana mwembamba, karatasi ikimtetemeka mkononi.
Akataja bei. Kuchota matope ya sakafu ya mto,
kuyakausha, kuyazika mbali na visima:
mita moja, dola elfu nne na mia mbili.
Uwanja ukanyamaza kama mtu aliyeonyeshwa bili ya hospitali.
Mto unapita mjini kilomita tisa.
"Basi," akasema Fabien, "huu unaofuata ni wa mita moja,"
na Ludger akaipiga ngoma kana kwamba inadaiwa.

Saa saba usiku tulimaliza kuhesabu:
ndoo tatu, kadi, fulana, keki za akina mama wa parokia.
Elfu arobaini na sita na mia tatu.
Mita kumi na moja, na chenji.
Sakafuni vikombe vya plastiki, maelfu,
tumevikanyaga tukiuimbia usafi.
Nikachukua ufagio. Hakuna aliyelisema hilo.

Baba alikuwa amekaa safu ya juu usiku kucha,
hakupiga makofi hata mara moja,
masikioni ana vile vizibo vya njano vya kiwandani.
Alishuka ngazi polepole, akivitoa kimoja kimoja,
akamuuliza Desneiges: "Zipi?"
"Zipi nini, mzee?"
"Mita. Mmesema kumi na moja. Zipi?"

Ramani ikatandazwa juu ya kasha la spika.
Kidole chake kikapita alama zote nyekundu,
kikatua mahali peupe, nyuma ya ghala la zamani.
"Hapa kuna bomba. Kwenu halimo.
Nilichomelea mimi, mwaka wa sabini na nane, usiku.
Tuliambiwa tusiulize, na mimi nilikuwa na mke mjamzito."
Mjamzito wangu mimi, nikapiga hesabu.
Ludger aliacha kufungua matoazi yake.
Maryvonne alikuwa anakunja waya, akaukunja tena, ule ule.

"Limezama kina gani?" Desneiges akauliza.
Baba hakutaja namba. Aliutazama ubao chini ya buti zake,
akaweka kiganja kifuani,
halafu akakipandisha, hadi shingoni.

Mlangoni walishafika vijana wa kung'oa mbao.
Watoto wana mazoezi saa kumi na mbili.