Robo ya Mama

Maji hayajaja. Ndoo arobaini na tatu
zimepanga foleni kioskini, Kitama,
na sisi tumezifudikiza zetu, tumezikalia.

Somoe hakumaliza kidato cha nne.
Anaandika kwa mkaa ukutani mwa tangi:
*kangomba moja. Mchuuzi anaiita kilo.*
"Nani kati yetu amewahi kuipima?"

Kimya. Natazama vidole vyangu vya miguu.
Msimu uliopita niliuza korosho za mama
zikiwa bado maua,
nikanunua viatu vya mpira.
Vikanibana.

Hakutuambia vijana ni taifa la kesho.
Alitoa mizani aliyoazima kwa muuza dagaa,
akamimina.
Mshale ukatetemeka, ukatua: kilo na robo.
"Robo hii ya nani?"

"Ya mama," nikasema, kabla sijaumeza ulimi.

Hakuna aliyecheka.
Likomba akakohoa: yeye magunia mawili,
na baba yake mpaka leo anawatuhumu nyani.

Tukapiga hesabu. Robo mara mia mbili:
Somoe akaandika arobaini.
"Hamsini, dada," akadakia Mwanahawa wa darasa la sita,
mtoto aliyetumwa maji tu.
Somoe akafuta kwa kiganja,
akamkabidhi mkaa,
akaja kukaa nasi, juu ya ndoo iliyopasuka.

Saa tisa bomba likakohoa, likatema maji rangi ya chai.
Mchuuzi akapita na pikipiki, kibakuli kikigonga nyuma;
akapunguza mwendo penye ukuta.

Mimi nimebeba ndoo mbili, njia nzima zinamwagika.
Usiku huu nitamwambia mama
kuhusu vile viatu.