Geji, Igogo

Jioni tuliuacha mshale kwenye arobaini.
Naitrojeni imejaa ndani ya shaba, valvu imefungwa,
Fundi Lubango akaandika ukutani kwa chaki:
saa kumi na mbili, bar arobaini, joto nyuzi thelathini.
"Bomba livae," akaniambia,
"maungio yabaki uchi mpaka yatoe ushahidi."

Mimi nilikuwa nimeshavalisha moja.

Lile la juu ya dari, kwenye kona ya stoo ya dawa,
nililochomelea mwenyewe, la kwanza tangu nianze kazi.
Liling'aa. Nikalivika sponji jeusi, nikazungusha tepu mara tatu
kama anayemfunika mtoto asipigwe na upepo wa ziwa.

Asubuhi mshale umelala: thelathini na nane na kitu.
Bi Nyamizi, mwenye zahanati, mikono kiunoni.
"Insulini inakuja Ijumaa. Mnasubiri nini?"
"Usiku gesi hujikunyata, mama. Hata wewe ulijifunika.
Tungoje mawe yapate moto."

Tukangoja. Nilifagia kizingiti,
wadudu wa ziwa waliokufia chini ya taa, ndoo nusu.
Jua likapanda Mabatini, jiwe kwa jiwe,
bati letu likaanza kualika
na mshale ukainuka nalo,
ukafika thelathini na tisa na nusu,
ukakaa.

Nyuzi thelathini, kama chaki inavyosema.
Nusu haipo.

Tukapaka povu la sabuni, ungio baada ya ungio,
kwa brashi yake kuukuu ya kunyolea.
Yote yakanyamaza.
Lubango akatazama dari, kisha akatazama viatu vyake.
Hakuniuliza kitu.
Nikapanda ngazi na wembe.

Sponji likabanduka kama ganda la muhogo.
Shaba bado inang'aa, yenye kujidai.
Nikapaka. Hakuna.
Nikahesabu hadi thelathini. Hadi hamsini.
Ndipo chini ya kona, upande ambao moto wangu haukufika,
kipovu kimoja, kidogo kama jicho la dagaa,
kikavimba bila haraka yoyote,
kikapasuka,
kikaanza tena.

"Umekiona?" sauti kutoka chini.
"Nimekiona."
"Fungua mlango na madirisha. Halafu toa gesi, polepole."

Chaki ya jana hakuifuta.
Aliandika tarehe mpya chini yake,
akaniachia nafasi ya namba.