Kwa Namba Nne Moja Saba Mbili

Walinitundikia mfuko wa damu
kwenye chuma chenye gurudumu moja bovu,
saa nane usiku, wodi ya wazazi, Dodoma,
upepo wa Julai ukigonga bati
kama mdai.

Nikamwuliza Sista Nkwimba: Ya nani?
Akaielekeza lebo kwenye taa.
Kundi O. Nne, moja, saba, mbili.
"Jina hatuandikiwi," akasema.
"Wewe pokea tu."

Nipokee tu!
Mimi, binti Chilongani wa Mvumi,
niliyelelewa nikijua bakuli la jirani
halirudi tupu:
lililokuja na mlenda lirudi na karanga,
karanga zikikosekana, chumvi,
chumvi ikikosekana, basi lirudi limeoshwa,
na mtoto wa kulibeba, afike aseme neno.

Neno gani, na kwa lugha ipi?
Mji huu umejaa watu wa kuja.
Labda ni karani aliyehamishwa kutoka Tukuyu: ndaga.
Labda ni kijana wa chuo, Msukuma,
aliyenyoosha mkono apate soda na biskuti:
wabeja, baba, soda ile ikutulie tumboni.
Fundi wa Moshi, vumbi la saruji kwenye kope: aika.
Mama wa Mbulu, muuza vitunguu: naas.
Mlinzi wa Kimaasai asiyejua kulala: ashe oleng.

Nilikosea matamshi.
Nkwimba alicheka, akaninyoosha kwenye la kwao;
hayo mengine, akasema, hata yeye hayawezi.

Halafu nikawaza:
je, akiwa ni Mgogo mwenzangu?
Akiwa ni yule wa Bahi
niliyemtukana Jumanne kwenye foleni ya maji,
nikaisukuma ndoo yake kwa mguu?

Kwa huyo asante ilinikwama.
Nikasema mbukwa,
kimyakimya, kuelekea ukutani,
kama watu wanaoamkiana
siku mpya.

Tone. Kimya. Tone.
Karibu na alfajiri vidole vikapata joto,
maziwa yakashtuka, yakaja.

Ewe Namba,
bakuli lako liko kwangu
na mlango wako siujui.
Yeye ana kilo tatu kasoro,
kucha ndefu, hasira za mjomba wake,
na ananyonya kwa pupa,
bila kuuliza
ya nani.