Neno Lisilo na Kwao

Saa tano usiku, Langoni, juu ya duka la rangi,
feni inanung'unika, nami naandika kwenye kompyuta
maneno ambayo hata mama angeyasoma:

    Fungua Ukurasa
    Andika Jina la Mgonjwa
    Bonyeza Hifadhi

Nikaiamuru iujaribu mfumo wa miadi ya kliniki.
Ikanijibu kwa mstari mwekundu:
Fungua Ukurasa? Silijui neno hilo.

Silijui! Neno fasaha, herufi zote zipo,
hata nafasi nimeziheshimu.
Nikalifuta, nikaliandika tena polepole,
kama mtu anayemwelekeza mgeni njia kwa kupaza sauti.

Mama, kutoka chumba cha pili: "Wateta na nani?"
"Na mashine. Naiambia ifungue, haitaki."
"Hukupija hodi?"

Yeye ana lake. Kesho kutwa ni harusi ya Shufaa,
na tangu juzi anatuma watoto nyumba kwa nyumba:
sufuria kubwa kwa kina Famau,
masinia kwa Bi Kupi, na yarudi yote saba.
"Mtu haingii jikoni akasema koroga,
na mwiko u kwa watu."

Nikapanda juu kabisa ya faili, penye mipangilio,
mahali ninapopavuka kila siku kama kizingiti.
Palikuwa peupe.
Nikaandika Maktaba, nikaacha nafasi, kisha jina lake,
kwa herufi kubwa, maana ukiiita kwa ndogo haiitiki.

Kumbe neno si langu.
Kuna mtu, sijui wapi,
aliyekaa akalishonea mikono.

Halafu ugomvi mwingine: maktaba mbili,
zote zina Fungua Ukurasa, kila moja yadai ni lake.
Hili nalijua. Mtaani petu kina Mwanasha ni wanne,
ukiita dirishani wanageuka wote.
Sema wa nani.
Nikasema wa nani: ukoo, nukta, jina.

Saa saba. Kijani.
Ukurasa umefunguka, jina limeandikika,
na mkono wangu uko kwenye swichi ya taa
ninapoona nilichokijaza kwa usingizi:
mgonjwa, amezaliwa mwezi ujao.

Mfumo umempokea.
Umempa foleni, nambari kumi na nne.
Umemwambia asisahau kadi.

Nikavuta kiti.