Kivuli cha Simtanki

Ya kwanza ilikufa kwa kiherehere changu.
Miche minne ya mstafeli, niliyoilea miezi mitano
nyuma ya pazia, ghorofa ya tatu, Upanga,
ndani ya makopo ya maziwa niliyoyatoboa kwa msumari.
Jumapili moja ya Januari nikaiambia:
haya, tokeni mkaone dunia.
Nikaipandisha paani saa nne, nikashuka kupika.
Saa nane majani yalikuwa meupe
kama risiti iliyofuliwa mfukoni mwa suruali.

Bi Tufaa wa chumba cha mkabala
aliitazama, akasonya,
akaanua shuka zake.

Ilibaki mitatu, ile niliyoisahau ndani.
Safari hii nilipima kama anayempa mtoto dawa:
siku ya kwanza nusu saa, jua halijaota meno;
siku ya pili saa nzima;
ya tatu upepo wa pwani ulivuma kwa fujo,
nikairudisha ndani, nimeikumbatia,
vumbi la udongo kifuani.

Likizo ikaisha.
Nikaiacha magharibi ya simtanki, penye kivuli cha asubuhi,
nikaenda Posta kugonga mihuri ya watu,
mkono uko mezani, roho iko paani.

Jioni niliikuta imehama.
Pale nilipoiweka, miduara mitatu ya unyevu;
yenyewe iko mashariki ya tangi, imepangwa, imenyweshwa.
Watoto hawa! Nikachukua chaki,
nikaandika ukutani: USIGUSE.

Kesho yake imehama tena,
na chini ya neno langu, kwa mwandiko wa kulala:
Sawa. Lakini kivuli nacho kinahama.

Baada ya hapo ikatokea kanga,
imebanwa kwa vibanio kati ya tangi na waya,
kuukuu, maneno yake yamefifia hayasomeki,
jua likipita humo linakuwa kama la kuchujwa.
Kila wiki ilisogezwa kidogo, upana wa kiganja.
Sikuuliza. Hakusema.
Tulipishana ngazini na ndoo zetu: shikamoo, marahaba, basi.

Masika ilipopiga hodi,
miwili nikaipeleka Chanika, kwenye kiwanja ambacho bado ni deni.
Wa tatu nikauacha mlangoni kwake usiku.

Mchana uliofuata nilipanda kuanika.
Kanga imekunjwa, imewekwa juu ya tofali.
Mche uko katikati ya paa, mbali na tangi,
saa sita kamili,
majani mazito, ya kijani kiwivu,
umesimama juu ya kivuli chake wenyewe.